Jinamizi la Oldonyo Sambu na Albamu ya Wakongwe wa Dream Theater

Tarehe 7 Februari 2025 bendi ya Dream Theater ya Marekani iliachia albamu yake ya 16, inaitwa Parasomnia. Huko duniani mashabiki walikuwa wanahesabu siku. Oldonyo Sambu, barabara ya kwenda Namanga, kulikuwa na shabiki mmoja tu, na siku hiyo hakuwa na bando.

Kama jina la Dream Theater ni geni kwako, usijali, Chuga karibu nzima ni geni. Arusha ni mji wa hip hop. Ndio mji wa X Plastaz, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai mpaka wakatoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Ndio mji wa Weusi. Chalii wa Chuga akifika darasa la saba anajua kuchana kuliko anavyojua hesabu. Dream Theater wao wako upande mwingine kabisa. Wanapiga hevi metali, tena ile ya watu wa hesabu inayoitwa progresivu metali. Magitaa yananguruma kama lori la mchanga linapandisha kilima, halafu katikati ya fujo inaingia kinanda laini kama kwaya ya Jumapili. Kwenye bongo fleva ukigonga meza unahesabu moja mpaka nne, unarudi moja. Kwa hawa jamaa unahesabu mpaka saba, ukishazoea wanakuhamishia kwenye tano, halafu wanarudi nne kama vile hakuna kilichotokea. Wimbo wa dakika 10 kwao ni wa kawaida.

Na ni watu wazima hasa. Bendi ilianza mwaka 1985, wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee kule Boston: John Petrucci kwenye gitaa, John Myung kwenye besi na Mike Portnoy kwenye dramu. Mwanzoni walijiita Majesty. Albamu ya Images and Words ya mwaka 1992 ndiyo iliyowatoa. Mwaka 2010 Portnoy akaondoka kundini, nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine kwa miaka 13. Mwaka 2022 wakapata Grammy bila yeye. Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba Portnoy anarudi, na Parasomnia ndiyo albamu ya kwanza ya studio kuwa naye tangu ile ya 2009. Mpiga kinanda wao, Jordan Rudess, anaikaribia miaka 70 na vidole bado vinakimbia kama vya kijana. Kwa hiyo unaelewa kwa nini mashabiki walikuwa na presha.

Sasa chalii wa Oldonyo Sambu alifikaje kwenye mambo haya?

Kupitia mlima. Mwaka 2017 alikuwa mpagazi kwenye safari za Mlima Meru, wale wanaobeba mizigo ya wageni kutoka geti la Momella mpaka vibanda vya Miriakamba na kuendelea. Mgeni mmoja, mzee wa makamo, safari ilipoisha aligawa vitu vyake kama wageni wengi wanavyofanya. Mwenzake alipata buti. Yeye alipata koti lililochanika mfuko na kile kidude cha zamani cha kusikilizia muziki, pamoja na hedifoni zake. Ndani kulikuwa na nyimbo za watu asiowajua hata mmoja. Alijaribu kukiuza pale Stendi Ndogo, akaambiwa hicho ni cha makumbusho. Basi akakaa nacho, akaanza kusikiliza, mwanzoni kwa kukosa kingine.

Watu wakimuuliza alipendea nini makelele yale, anajibu kwamba hayakuwa mageni sana. Alikulia kwenye nyimbo za ilmurran, ambapo olaranyani anatangulia na wenzake wanamjibu kwa sauti za kooni, kila kundi na mwendo wake, hakuna dramu hata moja, na bado miguu yote inajua pa kurukia. Kuhesabu mpaka saba hakukumpa shida. Shida ilikuwa kupata mtu wa kuhesabu naye. Nairobi wapo, ndiko walikotoka wawili wa Duma ambao albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilifika mbali. Oldonyo Sambu alikuwa peke yake, na kijiweni walimpa jina la utani, "Mzee wa Makelele".

Hapo bado ni stori ya kuchekesha. Inaacha kuchekesha mwaka 2023.

Mwaka huo alipata kazi ya ulinzi kwenye yadi moja ya malori mjini. Kazi yenyewe ni ya zamu: wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Akitoka zamu ya usiku anapanda Noah asubuhi, anafika nyumbani, anafanya kazi ndogondogo za shamba na ng'ombe, anajitupa kitandani saa saba mchana bati likiwa limeshapata moto, anaamka saa kumi, anarudi barabarani. Usiku anajishikilia kwa kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Alikuwa ameoa mwaka mmoja tu, na mke alikuwa mjamzito. Hela ilikuwa inahitajika, usingizi ungesubiri.

Siku moja akaamka hawezi kuamka. Macho yako wazi, anaona paa, anaona mwanga wa mlangoni, anamsikia mke wake nje anaosha vyombo. Mkono hausogei, mguu hausogei, ulimi haumsikii. Kifua kimebanwa kama kuna mtu amekikalia. Na mlangoni amesimama mtu. Mweusi, mrefu, hana sura, hasemi kitu. Anaangalia tu. Chalii akajaribu kupiga kelele, kikatoka kitu kama mlio wa ndama. Mke akaingia mbio, akamgusa, na pale pale vyote vikaachia. Mtu hayupo. Jasho tupu.

Kwa Kiswahili hicho kitu kina jina tangu zamani: jinamizi. Mtu anasema, "Jana nimekabwa na jinamizi," wenzake wanacheka, siku inaendelea. Ikitokea mara moja unacheka. Kwake ilikuja mara moja, ikapita wiki mbili, ikaja tena, halafu ikawa karibu kila wiki ya zamu ya usiku. Ikafika mahali anaogopa kulala. Asipolala ndipo linapozidi. Na kitu kikishakuwa cha kila wiki, watu hawacheki tena. Wanatafuta nani kakileta.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa muziki. Mama mkwe alikuja kumsaidia binti yake mimba ilipokuwa kubwa, akasikia yale magitaa yakinguruma kwenye simu, akaona na picha ya albamu moja kwenye kioo. Akatoa hukumu hapo hapo: mtu anayelala na nyimbo za mashetani asishangae mashetani wakija kulala naye. Mchungaji aliitwa kuombea nyumba. Maombi yalimtuliza kweli, alilala vizuri siku tatu mfululizo. Ila muziki aliutetea. Alimwambia mke wake kwa upole kwamba amesikiliza hao watu tangu 2017, na jinamizi limeanza 2023, sasa mashetani walikuwa wapi miaka yote sita, walikuwa wanapanda Meru? Mke alicheka. Wakakubaliana muziki usipigwe ndani.

Mtuhumiwa wa pili hakuwa na wa kumtetea.

Baba yake alikuwa na wake wawili. Chalii ni mtoto wa mke mdogo, ambaye alishafariki. Mke mkubwa, ambaye kwa heshima wote wanamwita Yeyo, yupo, na nyumba yake iko upande wa pili wa mstari wa mikonge. Baba alipofariki mwaka 2021, ule mstari ukawa tatizo. Upande mmoja ulisema mikonge ilipandwa hapa, upande mwingine ukasema ilipandwa pale. Wazee walikaa, wakaamua, na kama kawaida ya maamuzi, wote wawili waliondoka wakiwa hawajaridhika. Hakukuwa na ugomvi wa kurushiana maneno. Palikuwa na baridi tu.

Kwa hiyo jinamizi lilipozoea nyumba, haikuchukua muda mtu kusema kwa sauti ya chini, "Na huyo mama wa ng'ambo ya mikonge, mnamjua vizuri?" Aliyesema alikuwa binamu. Wiki iliyofuata akasema jirani. Halafu ikawa kama vile kila mtu alikuwa anajua siku zote. Mtu akakumbuka kwamba Yeyo alionekana amesimama karibu na nyumba jioni. Ni kweli alisimama, mbuzi wake walikuwa wamepita huko. Lakini mbuzi hawakuingia kwenye stori.

Chalii hakumtukana. Hakumfuata. Alichofanya ni kuacha kumsalimia. Kwa mtu wa mjini hilo linaweza kuonekana dogo. Kwao, kijana anapokutana na mama wa umri ule anainamisha kichwa, mama anaweka kiganja juu yake, ndipo mazungumzo mengine yaanze. Kijana akipita na kichwa kikiwa juu, ameshasema yote. Alipita hivyo miezi nane. Mtoto alizaliwa, Yeyo hakuitwa. Binamu alikuwa ameanza kuzungumzia kuitisha kikao cha ukoo, na kila anayesoma habari za nchi hii anajua vikao vya namna hiyo vinaweza kuishia wapi kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Hali ilikuwa hiyo ilipofika Oktoba 2024, wakati Dream Theater walipoachia wimbo wa kwanza kutoka kwenye albamu mpya. Unaitwa Night Terror, karibu dakika 10. Aliusikiliza kwenye zamu, kwenye kibanda cha getini, hedifoni sikio moja ili lingine lisikilize geti. Alifurahia dramu. Portnoy amerudi, na inasikika. Jina la wimbo lilimpita tu.

Februari ilipofika na bando likapatikana, aliisikiliza Parasomnia nzima, dakika kama 71, nyimbo nane. Wa kwanza hauna maneno kabisa, wa mwisho unakaribia dakika 20. Huo wa mwisho unaitwa The Shadow Man Incident. Kiingereza chake ni cha kupagawisha wageni mlimani, si cha ushairi, lakini jina alilielewa. Tukio la mtu wa kivuli. Akashtuka. Akatafuta maneno ya wimbo, akayapitisha kwenye tafsiri ya simu kipande kwa kipande. Mtu amelala, hawezi kusogea, na gizani kuna umbo linalomtazama.

Ni yule yule. Wa mlangoni.

Usiku ule aliacha kusikiliza, akaanza kusoma. Akatafuta maana ya lile neno la kwenye jalada. Parasomnia si jina la shetani wala la dhehebu. Ni neno la kitabibu la kundi la mambo yasiyo ya kawaida yanayompata mtu akiwa usingizini au akiwa anaingia na kutoka usingizini: kutembea amelala, kupiga mayowe amelala, kurusha ngumi kwa sababu ndotoni anapigana, na kuamka akiwa hawezi kusogea. Wale wazee walikaa wakatengeneza albamu nzima juu ya mambo hayo. Hata ule wimbo wa A Broken Man unahusu wanajeshi waliorudi kutoka vitani na vita ikawafuata kitandani.

Lake yeye linaitwa kupooza usingizini, na maelezo yake ni mepesi kuliko alivyotegemea. Mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo unazima misuli ya mwili, isipokuwa ya macho na ya kupumulia na mingine michache. Ni kinga. Bila hivyo ukiota unakimbia ungeamka uko barabarani. Kuna wakati akili inaamka kabla misuli haijawashwa. Unakuwa macho, lakini mwili bado umefungwa, na ndoto nayo haijaisha vizuri, kwa hiyo kinachobaki cha ndoto unakiona chumbani. Kifua kinaonekana kubanwa kwa sababu unataka kuvuta pumzi kwa nguvu na misuli haikusikii. Inachukua sekunde kadhaa, ikizidi sana dakika chache, na inaachia yenyewe. Mtu akikugusa mara nyingi inakatika hapo hapo. Inapenda kuja kwa wasiolala vya kutosha, wanaobadilisha saa za kulala, na wanaolala chali.

Zamu. Saa tatu za mchana. Chali chini ya bati. Alikuwa anasomewa maisha yake.

Tena si yake peke yake. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2011 yalikadiria kuwa karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa nayo angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ni karibu 28 kati ya 100. Wajapani wana jina lake, kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wanasema ni bibi kizee anayekuja kukukalia kifuani. Na hapa nyumbani, mwaka 1995 Unguja na Pemba zilitikiswa na hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu vitandani usiku. Watu walitoka ndani, wakalala nje kwa makundi wakiwa wamewasha moto. Watafiti waliochambua masimulizi ya wakati ule walisema sehemu kubwa yanafanana na kupooza usingizini: mtu ameamka, hawezi kusogea, kifua kizito, kuna kiumbe chumbani. Hofu ile ilikuja mwaka wa joto la siasa, kuelekea uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Wakati watu wana wasiwasi tayari, wanalala vibaya, na jini linapata pa kukaa. Wapo waliopigwa, na wapo waliouawa, kwa kudhaniwa kuwa ndio Popobawa.

Sehemu hiyo aliisoma mara mbili.

Baadaye aliwasimulia wachache wanaojua stori hii kwamba getini pale, saa tisa usiku, alijiuliza swali moja tu. Kama yule mtu wa mlangoni ametumwa na Yeyo, wale wazee wa Marekani wamemjuaje? Yeyo hana simu ya kugusa. Hajawahi kupita Longido upande ule wala Moshi upande huu. Amemtumaje mtu mpaka New York, kwa watu asiowajua, miaka yote hiyo, na akamtuma pia Japani? Alianza kucheka peke yake mpaka dereva mmoja aliyelala kwenye kichwa cha lori akauliza, "Ero, kuna nini?"

Halafu kicheko kikakata. Kwa sababu muziki alikuwa ameutetea kwa hoja ile ile. Alihesabu miaka, akalinganisha, akauliza mashetani walikuwa wapi. Ilipofika zamu ya Yeyo hakuhesabu chochote. Hakujiuliza mbona jinamizi linakuja wiki za zamu ya usiku tu, na wiki za mchana linapumzika, wakati mikonge iko pale pale wiki zote. Muziki alikuwa anaupenda. Shamba alikuwa analitaka. Hiyo ndiyo tofauti.

Alikwenda hospitali moja mjini, mkewe akamsindikiza. Alitegemea ataandikiwa vidonge. Daktari alimuuliza maswali mengi: analala saa ngapi, anakoroma, anasinzia ghafla mchana hata akiwa anaongea, amewahi kuanguka kifafa, anakunywa nini usiku. Mwisho akamwambia hana ugonjwa wa kutisha, ana deni la usingizi. Alale ubavu. Kahawa iishe kabla ya katikati ya zamu. Akitoka usiku alale asubuhi moja kwa moja, kabla ya shamba, chumba kiwe na giza na hewa. Likimjia asipambane na mwili wote, ajitahidi kusogeza kidole kimoja tu na kupumua taratibu. Akianza kusinzia ghafla mchana, arudi haraka, maana hilo ni jambo jingine. Mkewe aliambiwa akisikia mlio, amguse.

Kazini aliomba abadilishiwe zamu. Ilichukua muda, ila akapewa mchana, kwa mshahara uliopungua kidogo.

Iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko hospitali. Kwa siku kadhaa alizunguka zunguka na ng'ombe upande wa mikonge bila kuvuka. Siku aliyovuka, Yeyo alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Chalii hakuwa amepanga maneno. Alifika, akainamisha kichwa, akasubiri. Ulipita muda ambao yeye anasema ulikuwa mrefu kuliko ule wimbo wa dakika 20. Kisha kiganja kikashuka juu ya kichwa.

Alimwambia kila kitu, pamoja na yale yaliyosemwa juu yake. Yeyo hakushangaa, habari za mtaani zilikuwa zimeshamfikia zamani. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna aliyemuuliza kuhusu ugonjwa wenyewe.

"Enkerai ai," alimwambia, "baba yako alikuwa nalo hilo. Miaka ile anaswaga ng'ombe usiku kwenda mnadani, akilala mchana analia kama ndama. Nilikuwa namvuta kidole cha mguu, anaamka. Mama yako nilimfundisha mimi."

Wataalamu wanasema ni kweli, kupooza usingizini kunaweza kutembea kwenye ukoo. Yeyo hakuhitaji wataalamu. Dawa alikuwa nayo miezi yote nane, mita hamsini kutoka kitandani kwa mgonjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumsalimia.

Usidhani mambo yote yalinyooka. Mpaka wa shamba bado haujapendeza kwa upande wowote. Binamu bado ana maoni yake, ingawa kikao hakikuitishwa. Mama mkwe hajaukubali muziki na hataukubali. Jinamizi lenyewe halijahama, ila limekuwa la nadra, linakuja siku akichoka kupita kiasi. Likija bado analiona lile umbo mlangoni, na bado moyo unaenda mbio. Kilichobadilika ni kwamba likiondoka, anajua limeenda wapi. Halijarudi kwa mtu yeyote.

Na Dream Theater hawajui lolote. Wao walianza ziara yao ya miaka 40 London mwezi Oktoba 2024, wakaendelea na mambo yao. Hawakutunga kwa ajili ya Oldonyo Sambu na hawakutunga kumtibu mtu. Wametunga nyimbo za kutisha kuhusu usingizi kwa sababu bendi za metali hupenda vya kutisha. Lakini hofu isiyo na maelezo haikai hivi hivi, inatafuta mtu wa kubebeshwa, na kwa kawaida inamkuta yule ambaye tayari ana mgogoro na wewe na hana wa kumsemea. Jalada la albamu lilitoa jina. Jina likampeleka kwenye maelezo. Maelezo yakamwondolea mzigo mama mmoja ambaye pengine hatausikia wimbo hata mmoja wa bendi hiyo.

Ingawa kidogo aliusikia. Siku mtoto alipopelekwa ng'ambo ya mikonge kwa mara ya kwanza, simu ililia mfukoni kwa baba yake, na mlio wake ni gitaa la Petrucci. Yeyo aliinua uso kutoka kwa mtoto, akasikiliza mpaka simu ikanyamaza, akauliza kama huyo mtu anayelia vile naye hajavutwa kidole cha mguu.

Kwako msomaji: nyumbani kwenu jinamizi linaitwaje, na likimkaba mtu, nani huwa analaumiwa? Dondosha maoni hapo chini. Na kama wewe ndiye unayekabwa kila wiki, lala ubavu, lala mapema, na ukiona linazidi nenda hospitali kabla hujaacha kumsalimia mtu.